Uvimbe na Majirani Zake

Mhadhara kwa wakazi wa Kibugu, Kaunti ya Embu



Katika vilima hivi, kila tunapomzika mtu aliyeuawa na saratani, hakosekani msemaji wa kusema, "Kinga yake ilikuwa imeshuka." Husema kwa upole na kwa nia njema. Kisha nyuma ya hema watu huanza kupeana shauri: wewe tumia unga wa mlonge, wewe chemsha mizizi ile, wewe nunua chupa ya kuongeza kinga, inauzwa pale stendi. Nimekuja kuyapinga maneno hayo. Yanamtwika marehemu lawama, kana kwamba alijiachilia, na yanawapotezea walio hai pesa na, kibaya zaidi, miezi. Wagonjwa wengi ambao vipande vya uvimbe wao hufika mezani kwangu maabara walikuwa na kinga iliyofanya kazi. Mafua yaliwashika yakapita. Waliojikata kwa jembe, vidonda vyao vilifunga. Kinga hiyohiyo ilipofika kwenye uvimbe ilizuiwa mlangoni, ikanyimwa chakula, na sehemu yake ikageuzwa kuutumikia uvimbe wenyewe. Hilo ndilo ninalotaka tulielewe leo.

Nianze na saratani ya umio, kwa sababu hapa upande wa mashariki wa Mlima Kenya hakuna boma lisiloijua. Mnajua inavyoanza. Githeri ndiyo hukwama kwanza. Mtu anaacha githeri, anakula ugali kwa mchuzi mwingi. Ugali nao unakwama, anahamia uji. Umio ni mrija unaotanuka vizuri sana, kwa hiyo chakula kinapoanza kukwama, uvimbe huwa umekwisha kuziba sehemu kubwa ya njia. Na umio hauna ule utando mgumu wa nje unaofunika tumbo na matumbo, tena mishipa yake ya limfu iko karibu kabisa na ngozi ya ndani. Uvimbe unapata njia ya kutoka mapema.

Daktari akimpitishia mgonjwa kamera, hunyofoa vipande vidogo na kutuletea maabara. Tunavigandisha kwenye nta, tunavikata vyembamba kuliko unywele, tunavitia rangi mbili: moja huchora viini vya seli kwa zambarau, nyingine huacha vilivyobaki vikiwa vya waridi. Ninapoinamia hadubini naona visiwa vya seli zenye viini vikubwa, vyeusi, vilivyopindapinda. Hizo ndizo seli za saratani. Lakini mara nyingi visiwa hivyo havifiki hata nusu ya ninachokitazama. Kati yao kuna mikanda mipana ya waridi, nyuzi za kolajeni zilizofumwa na seli nyembamba ziitwazo fibroblasti. Kuna mishipa ya damu iliyojikunjakunja. Kuna makrofaji, zile seli kubwa zinazomeza uchafu. Na pembeni kabisa naona kundi la seli T, nyeusi, ndogo, za mviringo, ambazo kazi yake ni kuua seli iliyoharibika. Zimeitwa, zimekuja kwa wingi, na zimekomea kwenye ukingo wa ule mkanda wa waridi. Mwenye seli hizo huwezi kumwambia kinga yake imeshuka.

Seli hizo zote, isipokuwa za visiwa, ni seli za mgonjwa zenye afya. Jeni zao hazina kasoro za saratani. Swali ni nani aliyeziambia zikae pale na zifanye kazi ile.

Jibu bora ninalolijua lilitolewa mwaka 1986 na Harold Dvorak, mtaalamu wa patholojia wa Boston, Marekani. Alisema kwamba uvimbe ni kidonda kisichopona. Fikirini panga linapokukata mkono. Damu inaganda. Makrofaji zinaingia kusafisha. Fibroblasti zinakuja kufuma kolajeni ya kuziba pengo. Mishipa mipya ya damu inachipuka kuleta chakula. Halafu, na hapa ndipo pa kuzingatia, mwili unaituliza kinga. Kama seli za kuua zingeachwa ziendelee na hasira zao, zingeibomoa nyama changa inayojengwa. Kwa hiyo makrofaji hubadili tabia, huacha kuchochea vita na kuanza kutoa kemikali za kutuliza na za kukuza. Baada ya wiki chache kazi imekwisha, wote wanaondoka, kovu linabaki.

Seli za saratani hutoa ishara zilezile za jeraha, na haziachi. Hutoa protini iitwayo VEGF, na mishipa ya damu inachipuka kuufuata uvimbe. Mtafiti Judah Folkman alilihubiri jambo hilo tangu 1971, wakati wengi wa wenzake hawakumwamini. Hutoa TGF-beta, ambayo huzitia fibroblasti kazini na wakati huohuo kuzilegeza seli T. Protini moja inajenga ukuta na kumchosha anayetaka kuuvuka. Huo utaratibu haukubuniwa na saratani. Tumeubeba sote tangu tumboni mwa mama, na bila huo tungekufa kwa mkwaruzo wa kwanza.

Ndani ya ukuta huo mambo ni magumu zaidi kwa seli T iliyobahatika kupenya. Seli za saratani hula glukosi kwa pupa na kutema asidi laktiki, kwa hiyo seli T inafika mahali pasipo na sukari na penye uchachu. Hewa ya oksijeni ni kidogo. Baadhi ya seli zilizogeuzwa zina kimeng'enya kinachoteketeza triptofani, kijenzi cha protini ambacho seli T haiwezi kuzaliana bila hicho. Uvimbe pia hutuma ujumbe hadi kwenye uboho wa mifupa, na uboho ukaachilia seli nyeupe ambazo hazijakomaa, zinazokuja kukaa uvimbeni na kuzuia seli nyingine za kinga zisifanye kazi.

Kisha kuna seli T za kutuliza. Hizi mwili huzitengeneza makusudi ili kinga isiushambulie mwili wenyewe. Shimon Sakaguchi wa Japani alizionyesha wazi mwaka 1995, na wataalamu wengi wakabaki na shaka. Mary Brunkow na Fred Ramsdell wakaipata jeni inayoziongoza, FOXP3, mwaka 2001, wakichunguza panya wagonjwa waliokuwa wakishambuliwa na kinga yao wenyewe. Watatu hao walitangazwa washindi wa Tuzo ya Nobel Oktoba 2025. Mtoto anayezaliwa bila seli hizo huugua vibaya mno. Nasi wenye nazo, uvimbe huziita kwa kemikali, zikajaa humo, zikatuliza mahali ambapo hatukutaka patulizwe.

Jambo jingine linanistaajabisha kila ninapolifundisha. Seli T inapoanza kuua, hutoa kemikali iitwayo intaferoni gama. Seli za saratani zinapoionja, nyingi huvaa juu ya ngozi yao protini iitwayo PD-L1. Protini hiyo hubonyeza kitufe kilicho kwenye seli T, PD-1, na seli T inazima. Shambulio lenyewe ndilo linaloamsha ngao. Sasa mtu anayekuuzia chupa ya kuongeza kinga hajui kwamba hata kama ingefanya inavyodai, ingeongeza seli zinazoishia kusimama ukingoni au kuzimwa ndani, na huenda ikaongeza zile zilizokwisha kugeuzwa.

Afrika Mashariki yetu ina sehemu yake kubwa katika habari hii. Mwaka 1958 daktari mpasuaji kutoka Ireland, Denis Burkitt, aliyekuwa akifanya kazi Hospitali ya Mulago, Kampala, alichapisha maelezo ya uvimbe wa mataya kwa watoto ambao wengine waliudhani kuwa magonjwa mengi tofauti. Mwaka 1961 yeye na wenzake wawili, Ted Williams na Clifford Nelson, walipanda gari kuukuu wakasafiri maelfu ya kilomita, wakipita hospitali baada ya hospitali hadi Afrika Kusini, wakiuliza tu: mmewahi kuwaona watoto wa namna hii? Waligundua kwamba ugonjwa unafuata joto na mvua, na kwamba ukipanda nyanda za juu unatoweka. Ndiyo maana watoto wa Kibugu hauwapati sana, ilhali wa Nyanza na Pwani unawapata. Vipande vya uvimbe vilisafirishwa kwa ndege kutoka Kampala hadi London, na mwaka 1964 Anthony Epstein, Bert Achong na Yvonne Barr wakaviona virusi ndani ya seli zake. Vilikuwa virusi vya kwanza kujulikana kuhusika na saratani ya binadamu.

Virusi hivyo karibu sote tunavyo, na mara nyingi havitudhuru. Lakini katika uvimbe wa Burkitt seli iliyoambukizwa hunyamazisha karibu protini zote za kirusi, ikabaki na moja ambayo kinga huiona kwa shida. Huko ni kujificha. Kilichonivutia zaidi ni sura ya uvimbe huo chini ya hadubini. Seli za saratani zimebanana kiasi kwamba uwanja wote ni buluu ya giza, na humo mmetawanyika madoa meupe. Wataalamu waliuita uwanja huo anga la nyota. Kila nyota ni makrofaji moja, imevimba kwa kumeza seli za saratani zilizokufa, maana uvimbe huo hukua kwa kasi na seli zake nyingi hufa njiani. Mimi nilipokuwa mwanafunzi nilidhani nyota hizo ni dalili ya mwili kupigana. Utafiti wa kundi la Christopher Gregory kule Edinburgh, uliochapishwa 2015, ulionyesha mambo kinyume. Makrofaji inapomeza seli iliyokufa kwa utulivu, hupata ujumbe kwamba hapa kuna kazi ya kutengeneza, ikaanza kutoa vitu vya kukuza na kutuliza. Seli za saratani zinazokufa zinawalea zile zilizo hai kupitia makrofaji. Niliporudi kuitazama tena ile picha, nyota zilikuwa zilezile, lakini sikuweza kuzitazama kwa furaha.

Watoto hao, hata hivyo, ni miongoni mwa wagonjwa wa saratani wa kwanza duniani kuponywa kwa dawa peke yake, na waliponywa hapa Afrika Mashariki. Taasisi ya Saratani ya Uganda ilianzishwa Mulago mwaka 1967 kwa ajili yao.

Sasa kuna mtu ananiuliza moyoni: je, kinga haishuki kamwe? Hushuka. Virusi vya UKIMWI huishusha mwili mzima, na tuliyaona matokeo miaka ya themanini na tisini, madoa ya sakoma ya Kaposi yalipojaa kwenye miguu na nyuso za ndugu zetu. Wengi wao walipoanza ARV madoa yalififia, wengine yakaisha kabisa. Hapo kinga ilikuwa imeshuka kweli, na ilipoinuliwa ikafanya kazi yake. Mwanamke anayeishi na VVU ana hatari ya saratani ya mlango wa kizazi karibu mara 6 ya mwenzake, na huyo nataka apimwe mapema na mara kwa mara. Dawa ya kuinua kinga ya mtu huyo ipo, ni bure, na hutolewa kliniki.

Nirudi kwenye uvimbe, kwa kuwa hatujafika kwenye kuenea, na kuenea ndiko kunakoua wengi. Mwaka 2001 kundi la Jeffrey Pollard kule New York lilichukua panya wenye jeni ya saratani ya matiti, na baadhi yao hawakuwa na protini iitwayo CSF-1, ambayo huita makrofaji. Uvimbe ulianza kwa panya wote, ukakua. Lakini kwa wale wasio na CSF-1, kuenea hadi mapafuni kulipungua mno. Baadaye walitazama kwa hadubini ndani ya panya hai wakaona jinsi mambo yanavyokwenda: seli ya saratani inatoa CSF-1, makrofaji inaijibu kwa protini ya kukuza, nayo seli ya saratani inaifuata makrofaji hiyo kando ya nyuzi za kolajeni hadi ukutani mwa mshipa wa damu. Makrofaji inalegeza ukuta. Seli ya saratani inaingia. Ndani ya damu chembe sahani, zilezile zinazogandisha jeraha, huizingira na kuifunika dhidi ya seli za kuua.

Nyingi hufia humo. Zinazofika mbali zinahitaji mahali pa kushika, na kuhusu hilo mkulima wa kahawa hahitaji kufundishwa na mimi. Stephen Paget, daktari Mwingereza, alikusanya mwaka 1889 kumbukumbu za wanawake 735 waliokufa kwa saratani ya titi, akaona kwamba ini lilikuwa limeshambuliwa mara nyingi, wengu mara chache, ingawa vyote viwili hupata damu tele. Akaandika kwamba mbegu hupeperushwa kila upande lakini huota tu penye udongo unaoifaa. Mche ule ule mliopewa chamani, mmoja ameupanda huku juu akavuna, mwingine ameupeleka tambarare ya Mbeere ukakauka. Na mwaka 2005 kundi la David Lyden liliongeza jambo ambalo Paget hakuliwaza: katika panya, uvimbe hutuma ishara, na seli za uboho hutangulia kwenda mapafuni kulitayarisha shamba kabla seli moja ya saratani haijafika.

Kwa hiyo matibabu nayo yamebadilika. James Allison wa Marekani na Tasuku Honjo wa Japani walipata Nobel mwaka 2018 kwa kuonyesha kwamba ukiondoa breki kwenye seli T, badala ya kuzichochea, baadhi ya saratani zilizokwisha kuenea hurudi nyuma, na kwa wagonjwa wengine hukaa miaka bila kurudi. Dawa za kuzuia PD-1 sasa hutumika pia kwa saratani ya umio na ya mlango wa kizazi. Haziwafai wote. Ambaye seli zake T zimekomea ukingoni hupata faida ndogo, na kwa wengine breki ikiondolewa kinga hushambulia utumbo, ini au tezi ya shingo. Na gharama yake inanihuzunisha. Dripu hurudiwa kila wiki chache kwa miezi mingi, na bei ya moja tu inaweza kuzidi mapato ya shamba la chai la ekari moja. Hii ni dhuluma, na nalisema waziwazi: magonjwa yetu yaliufundisha ulimwengu tangu enzi za Burkitt, na dawa mpya zimepanda bei kuliko vilima vyetu. Makadirio ya 2020 yaliiwekea Kenya wagonjwa wapya zaidi ya 42,000 kwa mwaka na vifo zaidi ya 27,000. Serikali zetu na kampuni zile zinapaswa kukaa meza moja kwa ajili ya watu hao.

Wakati tukilidai hilo, kuna jambo lililo mkononi mwetu. Ukuta nilioueleza hujengwa polepole. Maambukizi mengi ya HPV, kirusi kinacholeta saratani ya mlango wa kizazi, huondolewa na kinga yenyewe ndani ya takriban miaka miwili. Hata mabadiliko ya mwanzo kwenye seli mara nyingi hurudi kawaida. Katika hatua hiyo hakuna mkanda wa waridi, na muuguzi anaweza kuharibu sehemu iliyobadilika kwa joto au baridi, mama akaenda nyumbani siku hiyohiyo. Mwongozo wa Kenya wa upimaji unawalenga hasa wanawake wa miaka 25 hadi 49, na chanjo ya HPV kwa wasichana ilianza Oktoba 2019. Akina mama, msisubiri damu itoke. Kwa umio, njia ni ngumu zaidi kwa kuwa dalili huchelewa. Acheni chai ipoe kidogo, maana Shirika la Kimataifa la Utafiti wa Saratani lilisema mwaka 2016 kwamba vinywaji vinavyozidi nyuzi 65 huenda vinasababisha saratani hiyo. Punguzeni pombe, acheni tumbaku. Na ambaye chakula kimeanza kumkwama asizunguke kwenye kemisti na vidonge vya vidonda vya tumbo mwezi baada ya mwezi. Aombe barua ya rufaa ya kupimwa kwa kamera.

La mwisho ni kisu. Najua wengi hapa wanaamini kwamba kansa ikiguswa na kisu inasambaa, na nimesema leo kwamba uvimbe hutumia ishara za jeraha, kwa hiyo sitaki mtu atoke hapa na hofu iliyoongezeka. Ni kweli wanasayansi wanachunguza jinsi jeraha la upasuaji mkubwa linavyoathiri seli zilizobaki. Lakini uvimbe ulio ndani tayari unatoa ishara hizo usiku na mchana, na kuuondoa ukiwa mdogo bado ndiyo njia iliyowaponya watu wengi kuliko zote. Wale mliowaona wakipasuliwa tumbo likakutwa limejaa uvimbe, lilikuwa limejaa kabla ya kisu. Kipande tunachokata umioni ni cha milimita chache tu, na mahali pake hupona upesi. Bila hicho sina cha kuweka chini ya hadubini, na daktari hawezi kujua atibu nini. Sasa niko tayari kwa maswali, na ningeomba tuanze na akina mama waliokaa nyuma.